Aliye juu mngoje chini, lakini ijue saa ya kumngoja

Msomaji mpendwa, hebu tuingie pamoja katika boma moja kule Ziwa, kaskazini mwa mji wa Eldoret. Ni Jumapili mchana, mwezi wa Januari. Watu wametoka kanisani, mahindi yamo ghalani, na chakula kimekwisha kupakuliwa. Lakini mama mwenye nyumba hali. Simu yake ameiweka mezani mbele yake, anaitazama kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa isifurike. Jana usiku binti yake, wa kwanza katika ukoo huo kwenda kusoma ng'ambo, alipanda ndege Nairobi kuelekea Minneapolis, Marekani.

Mama huyu simtaji jina, kwa kuwa ni mama wengi. Huenda hata ni wewe, au atakuwa wewe mwakani.

Kabla ya binti kuondoka, mama aliinakili tiketi kwenye karatasi. Kuondoka Nairobi, Jumamosi, 23:00. Kufika Minneapolis, Jumapili, 12:30. Akahesabu kwa vidole: kutoka saa tano usiku hadi saa sita na nusu mchana ni saa 13 na nusu. Basi ilipofika saa sita na nusu mchana akaanza kungoja simu. Saa saba, kimya. Saa tisa, kimya. Jioni majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja kumtuliza. Giza lilipoingia, baba alikuwa ameacha kujifanya hana wasiwasi. Simu ilikuja kulia saa tatu na nusu usiku. "Mama, ndio sasa tumetua."

Binti hakuwa amechelewa hata dakika moja. Tena sikiliza jambo hili: wakati ule ule mama alipoanza kungoja, saa sita na nusu mchana, ndege ya binti ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka Amsterdam, nusu ya safari. Saa tisa nzima za hofu katika boma lile zililetwa na hesabu tu.

Ndiyo maana leo nakuomba, wewe mzazi na wewe mwanafunzi, tuketi tupige hesabu hiyo pamoja. Si ngumu. Ukishaijua, hutalala na simu kifuani.

Tiketi haisemi uongo, ila haisemi yote

Jambo la kwanza: kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali ndege ilipo. Saa ya kuondoka Nairobi ni ya Kenya. Saa ya kufika Minneapolis ni ya Minneapolis. Ukitoa moja kwa nyingine bila kuzisawazisha, ni kama kutoa shilingi kwa dola.

Mwezi wa Januari, Minneapolis iko nyuma ya Kenya kwa saa tisa. Kwa hiyo saa sita na nusu mchana ya kule ni saa tatu na nusu usiku hapa kwetu. Ukianza kuhesabu saa tano usiku wa Jumamosi hadi saa tatu na nusu usiku wa siku ya pili, utapata saa 22 na nusu. Huo ndio urefu wa kweli wa safari kutoka Nairobi. Mama alihesabu 13 na nusu. Tofauti ni saa zile zile tisa.

Wewe mwanafunzi utauliza, saa tisa hizo zimetoka wapi? Zimetoka kwa jua. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa. Eldoret iko digrii 35 mashariki ya mstari wa Greenwich, na Minneapolis iko digrii 93 magharibi yake. Jumlisha upate 128. Gawa kwa 15, unapata saa nane na nusu hivi. Serikali hazipendi vipande vya saa, kwa hiyo Minneapolis huwa nyuma yetu kwa saa tisa wakati wa baridi, na saa nane wakati wa joto. Wamarekani wengi husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna haja ya kufanya hivyo, kwani urefu wa mchana wetu haubadiliki kwa kiasi cha kusumbua mtu.

Tena saa ya Kiswahili ina hila yake. Tunahesabu tokea kucha na tokea kuchwa, na hapa kwetu hesabu hiyo inafaa mwaka mzima. Kule Minneapolis mwezi wa Januari jua hutoka karibu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni limekwisha kuzama. Usishangae binti akikuambia kwamba anatoka darasani na ni usiku tayari.

Uzi juu ya tufe

Sasa tuje kwenye umbali. Kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret hadi ule wa Minneapolis, kama kungekuwa na ndege inayokwenda moja kwa moja, ni kilomita 12,880 hivi. Ni zaidi ya mara 40 ya barabara ya kutoka Eldoret hadi Nairobi.

Ukitazama ramani ya ukutani utadhani njia fupi ni kwenda magharibi tu: uvuke Kongo, uvuke Atlantiki, kisha upinde kulia. Ramani hiyo inakudanganya, kwa sababu imeitandaza dunia iliyo mviringo kama mkeka. Nenda shuleni ukaazime tufe. Chukua uzi, shika ncha moja pale Eldoret na nyingine pale Minneapolis, uukaze. Utaona ajabu. Uzi hautakwenda magharibi. Utapanda kaskazini magharibi, upite juu ya Sudan, ukate Jangwa la Sahara hadi Algeria, uguse Uhispania, uvuke Atlantiki, uingie Kanada, ndipo ushuke Minneapolis.

Unaweza hata kuupima uzi wenyewe. Uzungushe uzi mwingine kwenye Ikweta ya tufe lako. Huo ni kilomita 40,000. Linganisha urefu wa nyuzi hizo mbili, na kwa rula na penseli tu utakuwa umepata umbali wa viwanja vyovyote viwili duniani. Na ikiwa kuna mtoto wa Ziwa anayetaka kujua ni wapi mbali kabisa na kwao, mwambie ni kilomita 20,000, nusu ya mzunguko. Mahali penyewe ni katikati ya Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Tahiti. Hakuna uwanja wa ndege pale, ni maji matupu.

Ukishaupata umbali, muda wa angani ni rahisi. Ndege kubwa za abiria huruka kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa. Gawa umbali kwa 900, kisha ongeza saa moja ya kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani. Kwa mfano, Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi. Gawa kwa 900, ongeza moja, unapata saa nane na nusu hivi. Ndivyo ilivyo.

Njia tatu, bei tatu

Hakuna ndege ya abiria inayotoka Eldoret hadi Marekani bila kutua. Uwanja wa Eldoret uliojengwa katikati ya miaka ya 1990, upande wa barabara ya Kapsabet, una njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita tatu na nusu hivi. Lakini uko zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, jambo ambalo wakimbiaji wetu wanalipenda na marubani hawalipendi. Hewa nyepesi haiinui mabawa vizuri, na injini nazo hupungua nguvu. Ndege yenye mafuta ya saa 15 na zaidi ni nzito mno. Na hata kama ingeweza kuruka, ingehitaji abiria wa kuijaza kila mara.

Basi abiria wa Ziwa ana budi kupitia kwingine. Tuzitazame njia tatu.

Ya kwanza ni Eldoret, Nairobi, Amsterdam, Minneapolis. Jumla yake ni kilomita 13,630 hivi. Kumbuka ule uzi wetu ulipita Uhispania, kwa hiyo kupitia Ulaya si kuzunguka sana. Ni kilomita 750 tu za ziada. Na jambo la kupendeza: Amsterdam iko katikati kabisa. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam, na kutoka Amsterdam hadi Minneapolis, ni karibu kilomita zile zile 6,680.

Ya pili ni Eldoret, Nairobi, New York, Minneapolis. Hii ni kilomita 13,750 hivi. Shirika la Kenya Airways lilianza safari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018. Ni kilomita 11,840 hivi bila kutua, na zilipoanza ilitangazwa kwamba kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 14.

Ya tatu ni kupitia Ghuba, tuseme Eldoret, Nairobi, Doha, Chicago, Minneapolis. Hapo unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki ilhali safari yako ni ya magharibi. Jumla ni kilomita 15,600 hivi, karibu 2,000 zaidi ya njia ya Amsterdam. Hata hivyo usiicheke njia hiyo. Mara nyingine tiketi yake huwa nafuu, na nafuu hiyo inaweza kuwa magunia kadhaa ya mahindi. Ukipiga hesabu, linganisha fedha unazookoa na saa unazopoteza, kisha mwulize anayesafiri. Kijana wa miaka 19 atalala kwenye kiti cha uwanjani bila taabu. Nyanya anayekwenda kumwona mjukuu ni mtu mwingine.

Kuhusu zile saa 15 za kwenda na 14 za kurudi, sababu ni upepo. Juu sana, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingine kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa na kupita. Anayekwenda Marekani hukutana nao uso kwa uso. Anayerudi nyumbani husukumwa mgongoni. Kwa hiyo mtoto wako akichelewa kidogo kwenda na akiwahi kurudi, usiseme ni kwa sababu ana hamu ya mursik.

Saa za chini ndizo nyingi

Turudi kwa binti yetu, tuhesabu safari yake kutoka mlangoni kwa mama. Aliondoka Ziwa Jumamosi saa saba mchana. Matatu ya kwanza hadi mjini Eldoret, kisha kuvuka mji wenye msongamano, kwani uwanja uko upande wa pili, kusini. Saa kumi akapanda ndege ya Nairobi, safari isiyofika hata saa moja. Nairobi akangoja hadi saa tano usiku. Saa nane na nusu angani hadi Amsterdam. Saa tano za kungoja hapo. Saa tisa angani hadi Minneapolis.

Jumla ni saa 32 na nusu. Angani ni saa 18 na nusu hivi. Saa 14 zilizobaki alikuwa chini: katika matatu, katika foleni, katika viti vya kungojea. Na katika saa hizo za chini ndimo safari huharibika. Hivyo yashike haya yafuatayo.

Soma tarehe ya ndege za usiku mara mbili. Ndege ya 00:30 ya Jumapili huruka saa sita na nusu usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Wapo waliofika uwanjani Jumapili usiku, na mabegi yao, na ukoo mzima wa kuwasindikiza, wakaambiwa ndege iliondoka jana. Kosa hili halitokani na ujinga. Wazee wa pwani huhesabu siku kuanzia magharibi, kwao usiku wa Jumapili ni ule wa kuamkia Jumapili. Wengine husema usiku wa Jumapili wakiwa na maana ya usiku unaofuata. Mkiwa nyumbani semeni "usiku wa kuamkia", na msibishane tena.

Hakikisha ndege ya kutoka Eldoret inatua wapi Nairobi. Jomo Kenyatta na Wilson ni viwanja viwili mbalimbali. Ukitua Wilson, utahitaji gari na muda wa kuvuka sehemu ya jiji.

Kama fedha zinaruhusu, nunua safari yote kwa tiketi moja. Ukichelewa njiani kwa sababu ya ndege ya kwanza, wenye tiketi hiyo ndio wenye jukumu la kukutafutia ndege nyingine. Ukinunua vipande vipande kwa mashirika tofauti, kila mmoja atakwambia nenda kwa mwenzake. Ikiwa umenunua kipande cha Eldoret peke yake, basi usikibane na kile kikubwa. Ukungu wa asubuhi au mvua ya jioni yaweza kukuzuia.

Jua pia ni wapi utaingia Marekani. Kwa kawaida, katika uwanja wa kwanza wa Marekani ndipo unapokaguliwa pasipoti na viza, na ndipo unapochukua mizigo yako na kuikabidhi tena. Ukipitia New York, kazi hiyo iko New York, kwa hiyo usikubali nafasi ya saa moja kati ya ndege na ndege. Ukipitia Amsterdam, iko Minneapolis, mwisho wa safari. Koti zito liwe mkononi wala si katika sanduku, maana Januari ya kule ni barafu.

Kuhusu simu: mwelekeze mtoto mapema jinsi ya kuiunganisha na mtandao wa bure uwanjani. Binti yetu hakujua, na laini yake ya Kenya haikufanya kazi Amsterdam. Neno moja tu, "Nimefika Amsterdam", lingempa mama yake chakula cha mchana. Nawe mzazi, andika namba ya ndege. Kijana yeyote hapo nyumbani aweza kukuonyesha kwenye simu ndege hiyo iko wapi. Ikishatua, ongeza saa moja au mbili za ukaguzi ndipo uanze kungoja.

Tena usikasirike mtoto akilala unapompigia. Mwili wake bado unafuata jua la Ziwa. Watu husema mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti, kwa hiyo mpe wiki moja na ushee.

Walipokwenda bila simu

Mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda New York, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka huo huo, ingawa si katika ndege hiyo, Barack Obama, baba wa aliyekuja kuwa Rais wa 44 wa Marekani, alikwenda kusoma Honolulu, zaidi ya kilomita 17,000 kutoka Nairobi. Fikiria wazazi wa vijana wale. Hawakuwa na tiketi ya kunakili wala simu ya kutazama. Walingoja barua, na barua ilikuja ilipotaka.

Umbali haujapungua tangu wakati huo hata kwa hatua moja. Kilichopungua ni kutojua. Leo mama wa Ziwa ana kila kitu cha kumwezesha kusema, "Sasa yuko juu ya jangwa, sasa ameshuka, sasa yuko kwenye foleni," kisha akala chakula chake na kulala.

Yule mama wetu amekwisha jifunza. Ukutani kwake kuna saa mbili sasa. Moja ni ya Ziwa. Ya pili, iliyonunuliwa sokoni Eldoret, ameirudisha nyuma saa tisa, na chini yake ameandika jina la binti yake. Machi ikifika ataisogeza mbele kwa saa moja. Na siku binti atakaporudi na shahada yake, mama atakuwa uwanjani Eldoret na sotet ya mursik mkononi, kwa saa yake hasa, wala si saa tisa mapema.